Kihindi si Lugha ya Kila Mhindi

Nimeletewa tena picha ya barua ya zamani ya familia, ikiwa na agizo fupi kwamba nikitafsiri "hicho Kihindi" kwa Kiswahili. Barua ilikuwa ya Kigujarati, na hilo lilionekana kabla ya kusoma neno hata moja, kwa sababu herufi za Kigujarati hazina ule mstari wa juu unaoziunganisha herufi za Devanagari, ambazo ndizo huandikia Kihindi. Nilipomweleza mteja, aliniuliza kwa upole: "Lakini mwalimu, hao si Wahindi?" Naam, ni Wahindi, na kwa jibu hilo hilo nimekwisha kurudisha nyaraka nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sehemu ya lawama iko katika sarufi yetu. Mmakonde huzungumza Kimakonde na Mreno Kireno, kwa hiyo sikio la Kiswahili linatarajia kwamba Mhindi atazungumza Kihindi. Lakini Mhindi, kwetu, ni mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, na wengi waliohamia pwani hii walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, mbali na uwanda wa mto Ganges ambako Kihindi kilikulia. Walikuja na Kigujarati na Kikutchi. Vibarua wa reli ya Mombasa walitoka zaidi Punjab. Wagoa walikuja na Kikonkani. Wapo wazee wa Kihindi mjini ambao Kihindi chenyewe walijifunza kwenye majumba ya sinema, kama jirani zao Waswahili.

Neno lenyewe halikuanza kama jina la lugha. Kwa Kisanskriti, Sindhu ni mto, hasa ule mto mkubwa wa kaskazini-magharibi uitwao leo Indus. Waajemi, ambao katika lugha yao s ya zamani ya namna hiyo iligeuka h, waliliita eneo la mto huo Hindush, na jina hilo limo katika maandishi ya mfalme Dario wa Kwanza ya miaka ipatayo 2,500 iliyopita. Wagiriki wakaiangusha h, na ndiyo maana Ulaya ina India. Waarabu wakabaki na al-Hind, nasi tukapata Bahari ya Hindi, ambayo haihusiani na lugha yoyote. Mto wenyewe leo unapita zaidi Pakistani. Kikutchi nacho ni ndugu wa karibu wa Kisindhi, kwa hiyo mwenye duka anayezungumza Kikutchi yuko karibu zaidi na jina la mto huo kuliko mtangazaji wa habari za Kihindi wa Delhi.

Hindi, kwa Kiajemi, ni "cha Hind" tu, yaani chochote cha huko. Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha, kwa sababu kila mara huambiwa kwamba Kihindi ni lugha ya kale ya Wahindu na Kiurdu ni lugha ya Waislamu iliyoletwa kutoka nje. Amir Khusrau, mshairi Mwislamu aliyefariki mwaka 1325, aliita usemi wa nchi yake Hindavi. Ghalib, anayehesabiwa miongoni mwa washairi wakuu wa Kiurdu, alichapishiwa mkusanyiko wa barua zake za Kiurdu mwaka 1868, na jina la kitabu ni "Ud-i Hindi". Mgawanyo mkali wa majina, hati na msamiati wa kitaaluma ulikomaa katika karne ya 19, nao ulikuwa na siasa nyingi kuliko sarufi. "Mera naam Salim hai" ni Kihindi na ni Kiurdu, bila kubadilisha hata sauti moja, ilhali Mgujarati atasema "Maru naam Salim chhe". Filamu zinazoitwa za Kihindi zimejaa duniya, waqt na kitaab, maneno ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Vitabu vya kiada huchora mpaka safi kati ya lugha hizo mbili. Mimi nikipewa mazungumzo yaliyorekodiwa sokoni, bila maandishi, siwezi kuapa ni ipi, na namtilia shaka anayeapa. Hata idadi ya wasemaji naisoma kwa tahadhari: sensa ya India ya 2011 ilipata takriban milioni 528 wa Kihindi, lakini ndani yao mmehesabiwa zaidi ya milioni 50 waliotaja Kibhojpuri, usemi mwingine wa kaskazini mwa India. Kimaithili nacho kilikuwa ndani ya hesabu hiyo mwaka 1991, kikatoka baadaye, na wasemaji wake hawakuwa wamebadilisha usemi wao.

Kuhusu "lugha ya taifa", ibara ya 343 ya Katiba ya India inakitaja Kihindi kwa hati ya Devanagari kuwa lugha rasmi ya Muungano. Lugha ya taifa haikutajwa, na hata kuhusu lugha rasmi, watu wa Tamil Nadu, kusini mwa India, waliandamana mwaka 1965 kupinga Kihindi kuwa lugha rasmi pekee.

Wala si kila chenye jina hilo kilitoka India: mahindi yalitoka Amerika. Ndege ambaye Waturuki humwita hindi, yaani bata mzinga, naye alitoka Amerika. Ukwaju, "tende ya Hindi" ya Waarabu, asili yake ni Afrika. Hindi ya Kitagalogi maana yake ni "si", na kufanana huko ni sadfa tupu.

Kwa hiyo, mwenye waraka anieleze kwanza mwandishi wake alitoka wilaya gani. Akiwa wa Rajkot au Bhuj, nitampeleka kwa mwenzangu wa Kigujarati. Akiwa wa Lucknow, kwenye uwanda wa Ganges, alete, na jina la lugha tutalijaza kwenye fomu baada ya kuona kama aliandika kwa Devanagari ya Kihindi au kwa herufi za Kiarabu za Kiurdu.