Atonali: muziki usio na kwao, kwa masikio ya mpiga besi

Ukisubiri kivuko pale Kamanga, Mwanza, sikiliza injini wakati imeshawashwa lakini chombo hakijaondoka. Inanguruma sauti moja nzito, haipandi wala haishuki. Sasa piga mluzi wa wimbo wowote unaoujua. Bila hata kukusudia, utaanza kuutafutia mluzi wako mahali pa kukaa juu ya mngurumo ule. Sauti nyingine zitakaa vizuri, nyingine zitakwaruza, na ukifika mwisho sikio litadai utue palepale ilipo injini. Hapo pa kutua ndipo wanakwaya wanapaita do. Mwalimu wa kwaya akisema "do ni G" kabla ya wimbo kuanza, anawaonyesha waimbaji kwao ni wapi.

Muziki wa atonali ni muziki ulioondolewa do makusudi. Sauti zote 12 zinazopatikana kwenye kinanda, nyeupe na nyeusi, zinapewa hadhi sawa. Hakuna mwenyeji, hakuna mgeni.

Jina lenyewe halikumpendeza mtu anayetajwa zaidi linapotajwa. Arnold Schoenberg, mtunzi wa muziki mzaliwa wa Vienna mwaka 1874, aliona kwamba "atonali" ni kama kusema muziki usio na toni, yaani usio na sauti, jambo lisilowezekana. Yeye alipendelea neno lenye maana ya toni zote kwa pamoja. Watu hawakumfuata, na jina likabaki hilo.

Mimi naamini dhana hii haieleweki vizuri kokote kama inavyoeleweka kwenye gitaa la besi, kwa sababu kwenye bendi besi ndiyo inayosema kwao ni wapi. Jaribuni hivi mazoezini. Mpiga rithim ashike sauti mbili tu, E na G, asizibadilishe. Wewe piga C, freti ya tatu kwenye uzi wa A: mnasikia meja, wimbo umechangamka. Piga uzi mnene wa E mtupu: zile sauti mbili zilezile zimegeuka maina, zimeingiwa na huzuni. Sasa piga F kali (F#), freti ya pili kwenye uzi huohuo wa E. Mpiga rithim hajasogeza kidole, lakini hakuna tena pa kutua. Sauti moja ya chini imehamisha watu wote.

Siku moja nilikaa kwenye ile F kali kwa makusudi tukiwa mazoezini, na mwenzangu wa kinanda akasimamisha wimbo. "Besi imepotea," akasema. Nilimwelewa, kwa kuwa ndani ya wimbo wenye do hilo ni kosa kweli. Lakini katika atonali hakuna kupotea, maana hakuna kwenu ulikotoka.

Wengi hufikiri basi ni kupiga chochote kinachokuja. Ni kinyume chake. Viache vidole vya mpiga besi viende vinakotaka, vitakwenda kwenye sauti ya msingi, sauti ya tano na oktava, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Miaka yote vimefundishwa hivyo. Ndiyo maana Schoenberg, aliyeanza kuuacha ufunguo, yaani ile do ya wimbo, karibu mwaka 1908, alifika miaka ya 1920 akiwa na utaratibu mkali: panga sauti zote 12 kwa mfuatano wako mwenyewe, na usirudie yoyote kabla hazijaisha zote. Kwenye uzi wa E, kutoka uzi mtupu hadi freti ya 11, zote 12 zipo. Mifuatano inayowezekana ni 479,001,600. Andika mmoja kwenye karatasi, uupige polepole, na utausikia mkono wako ukibisha karibu kila hatua.

Muziki wa majaribio ni jambo jingine, ingawa mara nyingi hutajwa pamoja na atonali. Huu mtunzi John Cage wa Marekani aliufafanua kuwa ni tendo ambalo matokeo yake hayajulikani mapema. Unaweza hata kuwa na do. Chomeka kipande cha karatasi katikati ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, piga E mtupu, na ile sauti nene inakohoa na kutetema kwa namna usiyoweza kuitabiri. Tayari ni jaribio. Mwaka 1960 mpiga saksofoni Ornette Coleman wa Marekani alirekodi jazi huru kwa dakika 37 akiwa na wapiga besi wawili kwa wakati mmoja. Charlie Haden alishikilia chini, Scott LaFaro akapanda juu, na mpangilio wa makodi haukuandaliwa. Mpiga besi anayetaka kuingia huku aanze na rekodi hiyo, asikilize besi tu.

Je, ngoma za Wasukuma kule Bujora, karibu na Mwanza, ni atonali kwa kuwa hazina do? Hapana. Atonali ni kukataa kwao ambako mtunzi alikuwa anakujua. Ngoma haikuwahi kuwamo katika ubishi huo. Lakini zina la kumfundisha mpiga besi aliyeachana na do na sasa anajiuliza atamshika msikilizaji kwa kitu gani. Tazama bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya majembe, majembe yanavyorushwa na kudakwa kwa pigo moja. Kinachowashika wachezaji ni uzito wa pigo, marudio, na ule upenyo mdogo wa kimya kabla ngoma kubwa haijashuka. Hivyo vyote besi inavyo.

Kwa hiyo siku hizi nachukua mfuatano wangu wa sauti 12 na kuupiga kwa mwendo wa bugobogobo, nikiacha kimya pale ngoma ingeacha. Binti yangu wa miaka minne hajui do iko wapi. Anacheza.