"Shule" halikutoka kwenye "school"

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba "shule" ni "school" ya Kiingereza iliyovikwa Kiswahili. Si kweli, na ushahidi uko mwanzoni mwa neno lenyewe. Kiswahili kikichukua neno la Kiingereza linaloanza na "sk", huiacha sauti hiyo kama ilivyo: sketi, skauti. Hata "school" tunalo, nalo ni "skuli", linalotumika sana Zanzibar, visiwa vilivyowekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890. "Shule" ni Schule ya Kijerumani. Liliingia Wajerumani walipoitawala bara, wakafukuzwa katika Vita Kuu ya Kwanza, neno likabaki. Rwanda na Burundi, zilizokuwa ndani ya koloni hilohilo, leo husema ishuri na ishure.

Kwa hiyo tuache kumsahihisha Mzanzibari anaposema skuli. Hajaharibu "shule". Maneno hayo ni mabinamu: yote yametokana na schola ya Kilatini, moja likatufikia kwa mkono wa Mjerumani, jingine kwa mkono wa Mwingereza.

Wapo wanaodhani école ya Kifaransa ni ya ukoo mwingine, kwa kuwa haina "s". Ilikuwa nayo. Kifaransa cha kale kilisema escole. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani, huko Ufaransa na Hispania ya leo, waliona tabu kuanza neno kwa "sk", wakatanguliza irabu. Wakikuyu nao walipopewa "school" walikutana na tabu hiyohiyo, ila wao irabu waliiweka katikati: cukuru. Wahispania wakabaki na escuela, Wareno na escola. Wafaransa baadaye wakaidondosha "s". Waitaliano hawakuhitaji msaada wowote. Wao husema scuola.

Kiromania ndicho kinachowapotosha hata wanaojua mambo haya. Ni mtoto halali wa Kilatini, na shule huiita școală, basi mtu huona wazi kwamba ni urithi wa moja kwa moja. Kumbe neno hilo lilitoka nje na kurudi: Kiromania kililiazima kwa majirani Waslavi, wanaosema škola.

Dhana ya mwisho ndiyo ninayopenda kuisahihisha kuliko zote, kwamba neno hili tangu asili lilimaanisha kazi ngumu ya kusoma. Kilatini chenyewe kiliazima kwa Wagiriki, na kwao skholē ilikuwa faragha, wasaa wa mtu aliyemaliza shughuli zake. Wasaa huo ukatumika kujadiliana, kisha jina likahamia kwenye mafundisho, na mwishowe mahali pa kufundishia. Warumi nao, shule ya watoto wanaojifunza herufi waliiita ludus. Neno hilohilo ndilo walilotumia kwa mchezo.