Dereva Kwanza, Chesisi Baadaye: Kujifunza Kusanifu Gari la Mashindano kwa Kompyuta

Wanafunzi wa uhandisi wa hapa Arusha huniuliza mara kwa mara ni programu ipi inayofaa kujifunzia usanifu wa gari dogo la mashindano, lile la kiti kimoja linalojengwa na wanafunzi kwa kanuni za mashindano ya Formula SAE, yaliyoanzia Marekani mwaka 1981. Jibu langu huwa fupi. Kama kompyuta yako ina uwezo wa kawaida na intaneti yako ni ya bando, chukua FreeCAD, ambayo ni ya bure, hufanya kazi bila mtandao, na tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 ina sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipuri. Onshape hufanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo bando likiisha na kazi inasimama. SolidWorks ni nzuri mno iwapo chuo chako kina leseni. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kubishana, kwa kuwa kinachowashinda wengi ni kujua kipi kichorwe kwanza na kipi kitegemee kipi, wala si kukariri vitufe.

Wengi huanza na pua ya gari au bawa la nyuma, kwa sababu ndivyo vinavyopendeza kwenye kioo cha kompyuta. Mimi huwataka waanze na dereva. Kanuni zenyewe zinampa mbunifu mwili wa kuanzia: duara la kipenyo cha mm 200 linalowakilisha nyonga, jingine la mm 200 linalowakilisha mabega, na la mm 300 linalowakilisha kichwa kilichovaa helmeti. Kutoka kitovu cha nyonga hadi kitovu cha mabega ni mm 490, na kutoka mabega hadi kichwa ni mm 280. Kutoka kitovu cha nyonga hadi pedali kusipungue mm 915. Helmeti nayo ibaki angalau mm 50 chini ya mstari unaounganisha kilele cha tao kuu lililo nyuma ya dereva na kilele cha tao la mbele, yaani mabomba yaliyopindwa ili kumkinga dereva gari likipinduka.

Zoezi hili dogo linafundisha kiini cha programu yoyote ya aina hii. Duara moja kwenye mchoro wa bapa lina mambo matatu yasiyojulikana, yaani mahali lilipo kwa mlalo, mahali lilipo kwa wima, na ukubwa wake. Maduara matatu yana tisa. Ukiweka vipenyo vitatu, yanabaki sita. Ukiweka ile mistari miwili ya mm 490 na mm 280, yanabaki manne, na FreeCAD itakuonyesha idadi hiyo hiyo pembeni mwa mchoro. Ni yapi hayo manne? Mawili ni mahali nyonga inapokaa, moja ni kiasi cha kulaza mgongo, na la mwisho ni pembe ya shingo. Kwa maneno mengine, masharti yakishaondoa yale ambayo kanuni zimeyaamua, kinachobaki huru ni yale unayopaswa kuyaamua wewe mbunifu. Mwanafunzi anayebandika vipimo ovyo mpaka mchoro ugeuke kijani, rangi ambayo FreeCAD hutumia kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki huru, amepata kijani hicho kwa kufanya maamuzi manne bila kujua kwamba ameyafanya. Mwambie alaze mgongo kwa nyuzi tano zaidi ili tao kuu lishuke na uzito ukae chini, utaona kama mchoro wake unamtii au unamgomea.

Mchoro huo wa dereva, pamoja na vitovu vya magurudumu (umbali kati ya ekseli mbili usipungue mm 1525) na nafasi ya matao mawili, ndio ninaouita mchoro mama. Kila bomba la chesisi na kila sikio la kushikia mikono ya sasipensheni lipate mahali pake kutoka hapo, lisiegemee uso wa kipuri kingine. Sababu yake ni ya ndani ya programu zenyewe. Unapochora tundu juu ya uso wa kipande, programu huukumbuka uso huo kwa jina ililoupa yenyewe, tuseme uso wa saba. Ukirudi nyuma ukabadilisha umbo la awali, nyuso zinaweza kuhesabiwa upya, uso wa saba ukawa mwingine kabisa, na tundu lako likahamia upande usiohusika au likavunjika. Toleo la 1.0 la FreeCAD limepunguza sana tatizo hili, ila halijalimaliza, na gari la wanafunzi hubadilika kila wiki. Anayeegemeza kazi yake kwenye mchoro mama hubadilisha namba moja asubuhi na chesisi nzima ikamfuata.

Kisha kuna bomba lenyewe, na hapa mtu akizima kompyuta akatembea hadi mtaa wa Unga Limited hapa Arusha atajifunza zaidi. Kanuni zinakubali tao kuu la bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha mm 25.4 na unene wa mm 2.4. Mwanafunzi anaingia dukani, anaomba bomba la inchi moja. Akipewa la maji, kipenyo chake cha nje ni takriban mm 33.7, kwa kuwa inchi ya bomba la maji ni jina la saizi tu. Akipewa la fanicha, kipenyo ni mm 25.4 kweli, lakini unene aghalabu ni mdogo mno. Tuchukue la mm 1.2: kwa hesabu ya ukinzani dhidi ya kupinda, lina asilimia 58 hivi tu ya lile la mm 2.4, na uzito wake kwa mita ni kilo 0.72 badala ya kilo 1.36. Kwenye kioo mabomba yote mawili yanafanana kama mapacha. Kwa hiyo unene uandikwe kama kigezo chenye jina ndani ya faili, na namba yake itoke kwenye kalipa, kifaa cha kupimia unene, baada ya kukata kipande cha bomba ulilonunua.

Sasipensheni nitaigusa tu. Gurudumu linatakiwa liweze kusogea juu na chini angalau mm 50 kwa jumla dereva akiwa ameketi. Lisogeze ndani ya modeli huku usukani umekatwa hadi mwisho, kila upande, uone kama fimbo ya usukani inagusa rimu. Zile picha za rangi nyekundu na buluu za uchanganuzi wa nguvu zisubiri. Zinategemea mno namna ulivyoifunga modeli, na mwanafunzi asiyejua gari linashikwa wapi atapata picha nzuri ya jambo lisilotokea.

Mwisho wa kazi yote ni karatasi. Mafundi wa kuchomelea wa Arusha, ambao wengi wao wamezoea kukata na kurefusha chesisi za Land Cruiser za watalii, hawahitaji faili lako. Wanahitaji vipimo vyote vihesabiwe kutoka sehemu moja, kwa milimita, na kiolezo cha ncha ya kila bomba. Programu inaweza kuufungua ukingo wa ncha iliyochongwa ili ikumbatie bomba jingine, ukawa mchoro bapa wa kuzungushia bomba. Kwa bomba la mm 25.4 upana wa kiolezo ni mm 79.8. Stationari nyingi huchapa kwa kuubana mchoro uenee kwenye ukurasa, kwa hiyo weka pembeni mstari wa mm 100 na uupime kwa rula kabla ya kulipa. Andika namba ya bomba kwenye kila kiolezo, kisha chora mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha ya bomba na alama inayolingana nao kwenye violezo vyote viwili, maana bila mstari huo kila ncha itachongwa sawasawa huku zenyewe zikiwa zimepishana pembe.