Ardhi ya Serikali na Nyumba za Bei Nafuu Kenya: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu itiwe saini Machi 2024, mabishano mengi yamehusu makato ya asilimia 1.5 ya mshahara. Ardhi inayojengewa nyumba hizo, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya umma, haijachunguzwa kwa makini kama hayo, na ndiyo maana imezungukwa na dhana nyingi zisizo sahihi.

Dhana: Ardhi ya serikali haina mwenyewe, na kiwanja kitupu ni cha ziada.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinaeleza kwamba ardhi ya umma hushikiliwa kwa niaba ya wananchi, nyingine na serikali za kaunti na nyingine na serikali ya kitaifa, huku Tume ya Taifa ya Ardhi ikiisimamia. Mwenyewe basi yupo, ingawa haonekani uwanjani akilinda mpaka wake. Wala utupu si ushahidi wa ziada, kwa kuwa hifadhi ya barabara, ukingo wa mto na uwanja wa shule huachwa wazi kwa makusudi. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walirushiwa vitoa machozi walipopinga ukuta uliokuwa umewazuia kuingia katika uwanja wao wa kuchezea. Bila shaka aliyeujenga ukuta huo naye alikiona kiwanja kitupu. Kabla ya kutangaza kwamba kipande fulani kimezidi mahitaji, inapasa kuulizwa kilitengewa kazi gani na ni nani anayekitumia leo. Inapasa vilevile kuchunguza hati zilizokwisha kutolewa juu yake, kwa maana ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilifichua jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa watu kinyume cha sheria kwa miaka mingi.

Dhana: Kwa kuwa ardhi haikununuliwa, nyumba haina budi kuwa rahisi.

Hii ndiyo dhana inayowavutia wengi, nayo ina chembe ya ukweli. Tuseme kiwanja kina thamani ya shilingi milioni 300 na kinajengwa nyumba 1,500 za ghorofa: mgawo wa ardhi kwa kila nyumba ni shilingi 200,000. Nafuu hiyo ipo, lakini saruji, chuma, lifti, mabomba ya majitaka na riba ya mkopo wa ujenzi havipungui hata senti kwa sababu kiwanja kilitolewa bure. Kadiri majengo yanavyopanda juu, ndivyo sehemu ya ardhi katika bei inavyozidi kuwa ndogo. Faida kubwa zaidi ya ardhi ya umma mjini, kwa maoni yangu, ni mahali ilipo, kwani mtu anayeishi Ngara au Shauri Moyo anaweza kufika katikati ya Nairobi kwa miguu, ilhali nyumba rahisi iliyo mbali na kazi humrudishia mkazi gharama hiyo kila siku kwa nauli ya matatu. Tena, bei ikishuka bado kuna suala la malipo: katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu milioni 47.6 mwaka 2019, mikopo ya nyumba ya benki ni karibu 30,000 tu.

Dhana: Ardhi ilikuwa imelala, hivyo hakuna anayeumia.

Miradi kadhaa imejengwa palipokuwa na mitaa ya zamani ya kaunti yenye wapangaji. Pangani, Nairobi, palikuwa na familia 48 zilizohama ili kupisha zaidi ya nyumba 1,500, zikiahidiwa kupewa nafasi ya kwanza. Hata ahadi ya namna hiyo inapotimizwa, mpangaji aliyezoea kodi ndogo ya kaunti huingia katika malipo ya mnunuzi, na mzee wa pensheni hayabebi kama kijana aliyeajiriwa.

Dhana: Mwekezaji akipewa kiwanja, nyumba zote ni za wenye kipato kidogo.

Si lazima. Huko Pangani, nyumba 952 zilitengwa kuwa za bei nafuu na 610 ziuzwe kwa bei ya soko, ili mwekezaji arudishe fedha zake. Mpango kama huo unaweza kuwa wa haki au wa hasara kwa umma, kutegemea mkataba, na ndiyo sababu mkataba huo haufai kuwa siri. Sheria yenyewe, kwa jina lake la bei nafuu, ina kundi la nyumba pia kwa wanaopata zaidi ya shilingi 149,000 kwa mwezi. Walio chini ya shilingi 20,000 wamewekewa kundi lao, la nyumba za jamii. Aidha, mnunuzi hawezi kuiuza nyumba yake bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, sharti lililokusudiwa kuzuia nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya umma zisiishie mikononi mwa walanguzi.