Elimu ya itikadi jeshini: mfano wa Palmach

Elimu ya itikadi jeshini ni mafunzo yanayomjulisha mpiganaji anapigania nini, anampigania nani, na lipi haruhusiwi kulifanya hata akiwa na bunduki mkononi. Kwata na shabaha ni mambo mengine. Mfano ninaoona unaifafanua dhana hii vizuri zaidi ni Palmach, kikosi cha Wayahudi wa kujitolea kilichoundwa na Haganah, jeshi la siri la Wayahudi, huko Palestina tarehe 15 Mei 1941, nchi ikiwa chini ya Waingereza.

Jeshi la serikali lina mshahara, mahabusu na mahakama ya kijeshi. Palmach haikuwa na dola nyuma yake. Kijana alikuja kwa hiari, na kilichombakiza ni imani yake pamoja na haya mbele ya wenzake. Kwa hiyo elimu hii ndiyo iliyokishikilia kikosi kisisambaratike.

Mwanzoni Waingereza walikisaidia kwa kuwahofia Wajerumani waliokuwa wakikaribia kutoka Misri. Hofu ilipopungua mwaka 1942, msaada ukakatika. Yitzhak Tabenkin, kiongozi wa vijiji vya ujamaa viitwavyo kibbutz, akaleta wazo: wapiganaji wahamie vijijini wajilishe kwa jasho lao. Kila mwezi walifanya kazi siku 14, wakajifunza vita siku 8, na kupumzika siku 7. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kijana wa mjini aliyelima shamba lisilo lake wala la bwana fulani, kisha akala meza moja na kamanda wake, alikuwa ameshaingia darasani kabla hajahutubiwa na mtu.

Usiku waliwasha moto, wakakaa duara, wakaimba na kusimuliana visa vya kupiga chuku walivyoviita chizbat. Kahawa ilichemka katika chombo walichokiita finjan. Msomaji wa Pwani atashangaa kidogo, maana kwetu finjani ni kikombe, na chombo cha kuchemshia ni dele. Neno ni lile lile la Kiarabu, na chombo hicho pia waliwaiga majirani zao Waarabu. Zilikuwepo pia safari ndefu za miguu, jangwani na hadi ngome ya Masada juu ya Bahari ya Chumvi, ambako Wayahudi walioasi Roma walizingirwa katika karne ya kwanza. Historia ilisimuliwa palepale juu ya mwamba, watu wakiwa bado wanahema.

Lilikuwepo pia somo la maadili, kwa jina la usafi wa silaha: silaha ni ya kujilinda, isimguse asiye na silaha. Siwezi kulieleza somo hilo kwa uaminifu nikaacha kutaja Julai 1948, katika vita vilivyofuata kutangazwa kwa dola ya Israeli, wakati vikosi vilivyoongozwa na Yigal Allon, kamanda wa Palmach, vilipowafukuza makumi ya maelfu ya Waarabu kutoka miji ya Lydda na Ramle. Somo lilikuwepo, na watu wale walifukuzwa.

Mwaka huohuo, katika brigedi ya Givati, isiyokuwa ya Palmach, afisa elimu alikuwa Abba Kovner, mshairi aliyekuwa ameongoza wapiganaji wa geto la Vilna, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi wa mji huo wa Lithuania. Watu walimwita politruk, yaani afisa wa siasa, neno la Jeshi Jekundu la Warusi. Aliandika karatasi za vita zilizosomwa na askari. Kibbutz ya Nitzanim iliposalimu amri kwa Wamisri mwezi Juni, aliwashutumu hadharani waliojisalimisha. Watu waliokuwa wamepigana mpaka wakaishiwa nguvu waliibeba fedheha hiyo miaka mingi. Kwangu mimi, hapo elimu ilivuka mpaka ikawa hukumu.

Itikadi ilikuja pia na chama. Makamanda wengi wa Palmach walikuwa wafuasi wa Mapam, chama cha kijamaa cha mrengo wa kushoto, na David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israeli, hakutaka jeshi la taifa liwe na kikosi chenye mwelekeo wake. Mwishoni mwa 1948 makao makuu ya Palmach yakafungwa.

Utaratibu wa jembe na bunduki haukufa. Ulirithiwa na Nahal, tawi la jeshi la Israeli lililoanzishwa mwaka 1948. Tanganyika ilipounda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, Waisraeli walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuliandaa. Kuruta aliyelima bustani ya kambi kisha akaketi kusikiliza somo la uzalendo alikuwa ndani ya utaratibu uliofanana sana na ule wa kibbutz za 1942.