Msimulizi asiyeaminika: dhana potofu na ukweli

"Msimulizi asiyeaminika ni mwongo." Dhana hii ndiyo inayowaharibia wengi riwaya za kisayansi, kwa sababu msomaji huanza kuwinda uongo usiokuwepo. Mara nyingi msimulizi husema kweli tupu, ila hajui alichokiona. Katika The Shadow of the Torturer (1980) ya Gene Wolfe, msimulizi wake, kijana Severian, anamkuta mzee akisafisha picha kuukuu: mtu mwenye deraya, hana silaha, ameshika bendera iliyokakamaa, na kioo cha dhahabu cha chapeo yake kinaakisi jangwa tu. Severian anaona askari. Msomaji anaona mwanaanga juu ya mwezi, akatambua jinsi safari ya 1969 ya kutua mwezini ilivyosahaulika katika dunia hiyo ya mustakabali wa mbali. Hakuna aliyedanganya.

"Akikosea mara moja, usimwamini tena." La, pima kila kauli peke yake. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto andika anayojisemea, kulia anayotenda na wanayomwambia wengine, pamoja na namba ya ukurasa. Maneno yanayomwaibisha yana uzito kuliko yanayomsifu. Severian hudai hasahau kitu. Basi tazama anaporuka. Kitabu hiki, cha kwanza katika mfululizo, kinaishia katika vurugu langoni mwa mji, cha pili (1981) kinaanzia pengine kabisa, na ya langoni hayasimulii. Huko si kusahau.

"Lazima kamusi iwe mkononi." Maneno magumu ya Wolfe ni ya kale na ya kweli, mengi yana asili ya Kigiriki na Kilatini. Lakini riwaya hujitambulisha kuwa tafsiri ya lugha ambayo bado haijazaliwa, kwa hiyo hayo ni makadirio. Ukisimama kila mstari, utapoteza hata nani anayesema. Piga alama kwa penseli, usonge. Sura ikiisha, tafuta yale tu yanayojirudia. Mombasa tumezoea: mshairi wetu wa kale Muyaka bin Haji alifumba, na aliyefumbiwa akafumbua mwenyewe.

Kurasa mbili mbili ukisubiri feri ya Likoni hazitoshi. Sura za kitabu cha kwanza ziko 35, nazo ni fupi. Maliza moja kwa kikao.

Muhtasari usiuguse kabla ya kumaliza. Ukimaliza, rudi siku hiyohiyo kwenye ukurasa wa kwanza: lango lenye kutu, ukungu wa mto ukipenya katikati ya miiba yake. Severian anasema wazi kuwa lango hilo ni ishara ya kufukuzwa kwake. Wengi hulipita kama mandhari.