Pengo la makazi kwenye maombi ya ukaazi wa kudumu ni nini?

Pengo la makazi ni kipindi ambacho mwombaji hajaeleza alikuwa anaishi wapi wala anafanya nini. Chukua kijana wa Nzuguni aliyemaliza UDOM, akaajiriwa Dar es Salaam, mkataba ukaisha, akaenda Kongwa kulima alizeti kwa mjomba wake mpaka alipopata kazi nyingine. Hana cha kuficha. Lakini akijaza chuo na zile ajira mbili tu, miezi ya Kongwa inabaki tupu, na ofisa wa uhamiaji hatajua kwamba hapo katikati palikuwa na shamba. Anaweza kudhani ni kifungo, au nchi nyingine isiyotajwa.

Ninazungumzia Kanada, maana ndiyo fomu ninayoulizwa sana hapa Dodoma. Sehemu ya historia binafsi inataka miaka 10 iliyopita, au tangu ulipotimiza miaka 18 kama hiyo haijafika 10, na kila kipindi kiandikwe mwezi na mwaka wa kuanza na kuisha. Watu wengi wanaona aibu kuandika kwamba hawakuwa na kazi. Andika. Kukosa ajira ni jibu linalokubalika kabisa. Kunyoosha tarehe za mwajiri ili zifunike miezi ya kukaa nyumbani ndiko kunakoumiza: ikibainika ni udanganyifu, unaweza kufungiwa kuomba kwa miaka 5.

Orodha ya anwani nayo inajazwa bila kuruka, na hapo S.L.P. haitakiwi. Kwetu hili linasumbua, kwa sababu karibu kila barua tuliyowahi kupokea ilipitia sanduku la shule, la kanisa au la ofisi. Taja mtaa au kijiji, kata na wilaya, na kama nyumba ilipata namba kwenye zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, iandike. Kisha linganisha orodha mbili. Ukionekana unafanya kazi Dar es Salaam huku unaishi Mpwapwa mwezi huohuo, umejitengenezea swali.

Tatizo kubwa, kwa nionavyo, ni kukumbuka miezi. Sisi tunakumbuka kwa misimu. Basi anzia huko: ulifika Kongwa mvua za kwanza zimeshanyesha? Hiyo ni Desemba au Januari. Hayati Magufuli alipofariki, Machi 2021, ulikuwa bado kwa mjomba? Ukishapata nguzo mbili tatu za namna hiyo, thibitisha kwa hati za mshahara, taarifa ya benki au miamala ya simu. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia pia. Na kama ulikaa nchi nyingine miezi 6 mfululizo au zaidi ukiwa umeshatimiza miaka 18, ndani ya hiyo miaka 10, jiandae kutafuta cheti cha polisi cha nchi hiyo.

Wapo pia ndugu zetu ambao tayari ni wakaazi wa kudumu, wakarudi nyumbani kuuguza mzazi na kukaa muda mrefu. Kwao pengo ni hesabu ya siku: wanatakiwa wawe wamekaa Kanada angalau siku 730 katika kila miaka 5, si lazima ziwe mfululizo. Siku za nje ukiwa pamoja na mwenzi wako ambaye ni raia wa Kanada zinaweza kuhesabiwa. Kadi ya ukaazi wa kudumu kuisha muda hakukuondolei hadhi yako. Taja kila safari, hata ile fupi ya Nairobi, kwa kufuata mihuri ya pasipoti. Siku zikipungua, kuna nafasi ya kueleza sababu za kibinadamu. Hapo ambatisha barua za hospitali alikotibiwa mzazi, zenye tarehe zinazolingana na safari zako.